Bibi Yako Aliijua Simu

Mwanangu Wegesa,

Wewe na mama yako mmekwenda mtaa wa Iringo kutafuta sweta, na nyumba hii ya Kamunyonge, hapa Musoma, imeingia utulivu ambao nitauzoea kwa shida. Mmenikataza kuwafuata kwa sababu, anavyosema mama yako, nikiingia dukani naanza kumuuliza mwenye duka habari za watoto wake na jua linatua tukiwa bado kaunta. Sawa. Nimebaki na kalamu. Kompyuta iko dukani, mtaa wa Mukendo, na hata ingekuwa hapa nisingeigusa. Miaka yote hii nimewachapia watu barua zao, hii ya kwangu naomba niiandike kwa mkono.

Mambo ya pasi ya kusafiria, ya baridi, ya kutompa mtu begi akushikie, mama yako ameshayasema na ninajua atayasema tena kesho asubuhi stendi. Mimi nayaruka.

Kila mtu ananiuliza unakwenda kusomea nini. Juzi yule fundi cherehani jirani yetu alinisimamisha barabarani. "Baba Wegesa, binti anakwenda kusomea nini huko?" Nikamwambia ni utafiti, namna watu wanavyoishi na simu na kompyuta, na jinsi vitu hivyo vinavyobadilisha maisha ya jamii. Akafikiri kidogo, akaingiza mkono mfukoni. "Vizuri. Akirudi nitamletea hii yangu, chaji haikaagi."

Nilicheka mpaka nyumbani. Baadaye nikajiuliza kama ningeweza kumjibu vizuri zaidi, nikaona kwamba jibu langu lote ni kisa kimoja tu, na kisa chenyewe wewe unakijua nusu. Ulikuwa kidato cha pili, bweni. Ulirudi likizo ukakuta baba yako mkubwa Magige haji tena kwetu na mimi siendi Bunda. Ukamuuliza mama yako, akakuambia wakubwa wana mambo yao. Nusu nyingine ni hii.

Salma unamfahamu kama Dokta Salma, aliyekuandikia barua ya kukupendekeza. Mimi nilimfahamu akiwa bado mwanafunzi. Alikuja dukani siku ya mvua, amekumbatia karatasi zake chini ya baibui zisilowe, akaomba kopi. Yalikuwa madodoso. Ugonjwa wangu unaujua, siwezi kutoa kopi ya kitu bila kukisoma. Nikasoma. Alikuwa anatafuta kujua kwa nini wazee walionunuliwa simu na watoto wao hawazitumii. Nikamwambia mimi mwenyewe nina mama huko Butiama ambaye simu yake tunamshikia sisi, na kwamba nusu ya wazee wa kule akiwauliza kwa Kiswahili hiki watamwitikia kwa heshima na hawatamwambia kitu. Akauliza, "Wewe unajua Kizanaki?" Nikasema ndicho nilichozaliwa nacho. Yeye baba yake alikuwa anauza vitenge Bunda mjini, alikulia hapo hapo, lakini lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kiswahili tu. Tangu siku hiyo nikawa msaidizi wake. Mama yako alishika duka.

Ile kazi niliipenda, Wegesa. Sijapata kukuambia nilivyoipenda. Salma alinifundisha jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha. Alisema mtu akinyamaza na wewe nyamaza, usimsaidie kumaliza sentensi yake. Nilikuwa mtu wa maneno mengi. Nilianza kukaa kimya mbele za wazee, na wazee wakaanza kusema. Wakati mwingine nilikuwa narudi nyumbani nimejaa habari za watu mpaka mama yako ananiuliza kama nimekunywa.

Zamu ya bibi yako ilipofika, Salma alitaka amtafute mtu mwingine wa kumhoji. Alisema si vizuri mtoto kumhoji mama yake. Bibi akakataa katakata. "Sitaki mgeni aniulize mambo ya nyumba yangu. Aje huyu huyu."

Basi tukaenda. Tulimkuta uani anaanika udaga wa muhogo. Salma akapewa kigoda, mimi nikakaa kwenye jiwe, kinasa sauti katikati. Nikamsomea bibi yako maelezo ya ridhaa kama nilivyowasomea wengine wote, kwamba jina lake halitaandikwa, na kwamba maneno yake hataambiwa mtu mwingine kwa namna ya kumtambulisha.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na mwanangu, yeye ataambiwa?"

"Mama, mwanao si mimi?"

"Wewe sasa hivi ni mtu wa utafiti. Umekuja na karatasi. Nakuuliza habari za mwanangu, yule anayekujaga Jumamosi. Ataambiwa?"

Nikadhani ni utani. Nikacheka, nikamwambia, "Hapana. Hataambiwa."

"Na yule mkubwa wa Bunda?"

"Naye hataambiwa."

Akafuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka na ile simu yake. Unaikumbuka, kitochi cheusi alichonunuliwa na Magige, kila siku kimefungwa kwenye kitambaa. Ulikuwa ukimtembelea anakupa anakuambia, "Mjukuu wangu nisomee, mimi vidude hivi sivijui." Akamwomba Salma namba yake, kwa Kiswahili chake kile cha kukatakata. Salma akaitaja. Bibi akabonyeza namba moja moja kwa kidole gumba, hakukosea hata moja, akaweka sikioni. Simu ya Salma ikalia ndani ya mkoba. Salma alishtuka akashika kifua.

"Haya," bibi akaniambia. "Uliza sasa."

Sikuwa na swali. Dodoso zima lilikuwa limekufa. Nilikaa kimya, safari hii si kwa sababu ya mafunzo.

Akasema mwenyewe. Alisema kusoma alijifunza zamani kwenye madarasa ya watu wazima, anasoma polepole lakini anafika. Simu aliijua tangu mwezi ule ule ilipoletwa. Alikuwa anasoma jumbe zetu zote kabla hatujaja, halafu anazirudisha kitambaani, anasubiri.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Zamani mlikuwa mnakuja kuniletea habari. Mtu amezaa, mtu amefiwa, mnakuja. Sasa habari zinafika kabla yenu. Nikijua kuishika hii, nani atakuja? Nitabaki nayo hapa tunatazamana." Akakunja kitambaa. "Ikiharibika, wanakuja. Basi inaharibikaga."

Nilimtafsiria Salma tukiwa njiani kurudi. Alisimamisha gari pembeni. Alikuwa amekwenda kutafuta kwa nini wazee hawawezi, akakuta mmoja anayeweza na amechagua kutoweza. Alirudia maneno ya bibi yako mara nyingi, polepole, kama mtu anayeonja kitu. Mimi nilikuwa natazama nje ya dirisha. Nilikuwa nawaza Jumamosi zote nilizokwenda nikinung'unika kwamba mama hajifunzi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kama kawaida. Nikamsalimia, nikapewa uji, na uji ulipokwisha akaleta kitambaa. "Baba, nisomee. Sijui imeandika nini."

Nikamtazama. Akanitazama. Uso wake haukutikisika kabisa. Alimwambia mtu wa utafiti, na mtu wa utafiti hakuwapo. Mimi nilikuwa mwanawe anayekujaga Jumamosi, nisiyejua kitu. Nikasoma. Ilikuwa salamu ya shangazi yako, na tangazo la kampuni ya simu. Tangazo nikaliruka.

"Na ile ya chini?" akauliza.

Nikaisoma na ile ya chini.

Sijawahi kuwa karibu na mama yangu kama miezi ile. Tulikuwa kama watu wawili wanaocheza bao bila kete. Nilianza kufika mapema. Nilikaa mpaka jua limelegea. Wakati mwingine alinipa simu ambayo betri ameitoa mwenyewe, nami naigeuzageuza, nasema, "Hii imenishinda kidogo, mama, labda na kesho nipitie," naye anasema, "Si neno, pitia tu." Nilijua siri yake na yeye alijua kwamba naijua, na kwa kuwa hakuna aliyeitaja, ilikuwa imetulia.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Utafiti ulipokaribia kwisha, Salma aliandaa mkutano wa mrejesho kijijini, wa kuwaeleza watu kile walichotuambia. Alikuja dukani na orodha ya mambo ya kusema. Akaweka kidole kwenye habari ya bibi yako.

"Hii nina wasiwasi nayo, Baba Wegesa. Kijiji ni kidogo."

"Jina si hatutaji?"

"Hatutaji. Lakini ungemuuliza mama kwanza."

Nikasema nitamuuliza. Sikumuuliza. Ili nimuulize ilibidi mwanawe akiri kwamba anajua, na ule mchezo wetu ufe. Sikutaka ufe. Ukweli mwingine ni kwamba niliogopa atakataa, na mimi nilitaka isemwe. Ilikuwa ndiyo habari nzuri kuliko zote tulizopata, na niliipata mimi. Salma aliponipigia kuuliza, nikamwambia hakuna shida.

Mkutano ulikuwa darasani, shule ya msingi. Wazee walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Magige alikuwa amemleta bibi kwa pikapu yake kutoka nyumbani, akaona abaki asikilize. Salma alikuwa anasema kwa Kiswahili, mimi nageuza kwa Kizanaki. Alipofika kwenye ile habari alisema kwa uangalifu sana. Alisema, "Wapo wazee wachache wanaojua kutumia simu ila hawaoneshi, kwa sababu wanapenda watoto wao wafike." Basi. Sentensi moja, wazee wachache.

Mimi ndiye niliyeiharibu. Nilipoigeuza, nikaitia chumvi. Nikasema, "Yupo mmoja alituambia, 'Nikijua kuishika hii nitabaki nayo hapa tunatazamana.'" Nikaisema kwa sauti yake. Nikaweka na ile namna yake ya kusafisha koo kabla ya neno la mwisho. Darasa likapasuka kwa kicheko, nikasikia raha kama mchezaji aliyefunga goli. Kisha bibi mmoja wa dawati la mbele akageuka nyuma, akapiga kofi na kusema, "Ee! Huyu si ni mama Magige!"

Wote waligeuka. Mama yangu alikuwa anatazama mikono yake. Magige alikuwa amesimama mlangoni, akanitazama mimi, akamtazama mama, akatoka nje. Watu walicheka bila ubaya wowote, Wegesa, walikuwa wanampenda zaidi kwa ujanja ule. Hilo halikusaidia. Magige alimrudisha nyumbani, na mimi nilirudi Musoma na Salma.

Baada ya siku chache Magige alikuja dukani. Nilikuwa na mteja wa kuchapa barua ya kazi. Magige akamwambia, "Ndugu, samahani, nenda urudi baadaye." Akakaa kwenye kile kiti cha kupigia picha za pasipoti, mgongo kwenye pazia la bluu.

"Wewe ulikuwa unajua," akasema.

"Kaka, nilikuwa nimeahidi nisiseme."

"Uliahidi usiniambie mimi. Halafu ukaenda ukaambia kijiji kizima."

Nikaanza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Unakumbuka shemeji yako alipofanyiwa upasuaji pale Bunda?" akaendelea. "Mama alituma mtu kwamba simu imezima, haiwaki kabisa, nikaona labda kuna tatizo, labda anaumwa hataki kusema. Nikamwacha mke wangu kitandani hata maji hajaweza kunywa mwenyewe. Nikaendesha mvua inanyesha, barabara matope. Nimefika, nabonyeza kitufe, inawaka. Mama ananiambia, 'Una mkono mzuri, baba.' Nikafurahi mimi! Nikarudi Bunda nimefurahi kwamba nina mkono mzuri." Akasimama. "Kumbe alikuwa anaizimaga."

Hakupiga kelele. Angepiga ningejua la kufanya.

Tangu hapo akawa anampigia bibi yako simu kila Jumapili jioni. Hakukosa. Anamuuliza dawa, anamuuliza mihogo, anamtumia pesa ya matumizi. Ila haendi. Kwa nini aende, na mama anaijua simu? Na kwetu, unajua, hakuja.

Mimi niliendelea kwenda Jumamosi zangu. Kitu kilichoniumiza ni hiki. Mara ya kwanza baada ya mkutano, tulimaliza uji, nikawa nasubiri kitambaa. Akakileta, akafungua, akashika simu mbali kidogo na macho, akasoma mwenyewe mbele yangu, midomo inatikisika. Kisha akasema, "Shangazi yao anasalimia." Akafunga. Hakuwa na hasira. Ila sikuwa na kazi tena pale uani. Nilikaa, nikaondoka mapema, na njiani nikajikuta nalia, mtu mzima mwenye mvi.

Nilimwambia Salma yote. Hakunilaumu, ingawa alikuwa na haki ya kunilaumu. Alikaa akivuta vuta ncha ya mtandio wake, akasema, "Nilikuuliza wewe tu, mara mbili, kwa sababu nami nilitaka ikubaliwe. Nilipaswa kwenda kumuuliza mama mwenyewe." Akasema atakwenda kuomba radhi na ataifuta habari ile kwenye tasnifu yake yote. Nikamwomba asubiri kwanza, nina deni la kwenda Bunda.

Nilimkuta Magige gerejini, yuko chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikasalimia. Miguu ikaitika. Hakutoka. Basi nikachuchumaa, nikazungumza na miguu.

"Kaka, mama hana kosa la kusema. Alisema nyumbani kwake, kwa mtoto wake. Niliyeyatoa nje ni mimi."

"Nipe spana ya kumi na tatu."

Nikampa. Akairudisha, haikuwa yenyewe. Nikampa nyingine.

"Na ile ya hospitali," nikasema, "mama hakujua. Ulimwambia kwamba shemeji amelazwa?"

Kimya. Nikanyamaza na mimi. Chuma kiligonga chuma, kikaacha.

"Sikumwambia," akasema. "Nilionaga atapata presha."

"Kwa hiyo wewe ulimficha na yeye alikuficha."

"Usinifanyie utafiti wako hapa."

"Sifanyi. Nakuuliza tu kama kaka yangu. Ile simu isingekuwa inaharibika, ungekuwa unakwenda?"

Kisha akajivuta, akatoka, uso una grisi, akakaa sakafuni akiegemea tairi. Nilidhani atanifukuza.

"Sijui," akasema. "Ningependa nikuambie ndiyo. Kazi hizi hazina Jumamosi wala Jumapili. Sijui."

Nilimheshimu siku ile kuliko nilivyowahi kumheshimu. Ningeulizwa mimi, ningedanganya.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa uani kwa bibi yako, tunamenya mihogo, tukasikia pikapu. Bibi akaangalia simu yake upesi, labda alipigiwa akakosa kusikia. Hakukuwa na kitu. Magige akaingia, mikono mitupu, amevaa nguo za gereji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kuna nini? Watoto wazima?"

"Wazima wote."

"Mbona hukupiga?"

"Sikupiga. Nimekuja tu."

Bibi akamsogezea kigoda. Magige akachukua kisu, akaanza kumenya, anamenya vibaya kama alivyokuwa anamenya utotoni, nusu ya muhogo inakwenda na ganda. Hakuna aliyemsahihisha. Walimenya na mimi nikimenya. Kisha Magige akamwambia habari ya upasuaji wa mkewe, ya ile siku ya mvua, bila kumtazama. Bibi yako aliacha kisu. Akasema, "Ulimwacha mgonjwa ukaja kwa ajili ya kitufe." Akajifunika uso kwa kanga. Magige akasema, "Mama, ningekwambia, usingeniita." Na yeye kutoka ndani ya kanga akasema, "Ningesema nina hamu ya kukuona, ungekuja?" Magige akaenda akakaa chini karibu yake, miguu ameikunja kama mtoto, na mafuta ya gari yakaingia kwenye kanga ya mama. Niliondoka kwenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Sitakuambia kwamba baada ya hapo mambo yakawa safi. Magige alianza kuja, si kila wiki. Wiki nyingine alipiga simu tu na sauti yake ilikuwa na aibu kidogo. Bibi naye alianza kusema waziwazi, "Njoo, nimechoka kukaa peke yangu," neno ambalo lilimpa shida sana kulitoa. Wakati mwingine tukishindwa kuja alikasirika. Zamani hakuwa na sababu ya kukasirika, simu ndiyo iliyokuwa imeharibika. Mimi mchezo wangu wa kitambaa sikurudishiwa kamwe. Bado naukumbuka. Bado sijui kama ilikuwa afadhali tujue au tusijue.

Salma alikuja baadaye kuomba radhi kama alivyosema. Alipiga magoti, bibi akamwinua. Akamweleza kwamba ataifuta habari ile yote, haitaonekana popote. Mimi nikageuza kwa Kizanaki, safari hii neno kwa neno, hata koo sikusafisha.

Bibi akafikiri. "Ukifuta, itakuwa kama sikusema. Na nilisema." Akamshika Salma mkono. "Iandike. Lakini usiishie pale nilipokupigia simu ukashtuka. Andika na yaliyotupata baada ya nyinyi kuisema. Hayo nayo ni matumizi ya simu."

Salma alikaa pale uani akiandika huku machozi yanadondoka kwenye karatasi, na bibi yako anamwambia apumzike anywe uji.

Ndiyo zile kurasa za Kiingereza ulizotusomea likizo ile ulipokuwa kidato cha tano, ukitafsiri kwa sauti, bibi ameweka mkono sikioni. Ulisoma habari za mzee mmoja, na mtoto wake mkubwa, na msaidizi wa mtafiti aliyetumia vibaya kile alichokabidhiwa. Ulinyanyua macho ukauliza, "Baba, huyu msaidizi ni nani?" Nikasema ni mtu mmoja hivi. Sasa umemjua. Naona ndiyo siku ile ulipoipenda kazi hii, na nimekuwa nikijiuliza kama nilikuwa na haki ya kukuacha uipende bila kujua.

Utakwenda huko utafundishwa namna ya kuficha majina ya watu. Jifunze, ni jambo zuri. Ila mimi sikutaja jina la mama yangu, nilitoa sauti yake tu, na ikatosha. Utakutana pia na siku ambayo mtu atakuambia neno moja na mwili wako wote utasisimka kwa furaha kwamba umelipata. Ile furaha si dhambi, nami siwezi kukuambia usiwe nayo, maana ndiyo inayomfanya mtu aamke kwenda kazini. Mimi ilinizidi nguvu kwa dakika moja, mbele ya madawati ya watoto. Ikikupata, mpigie mtu. Nipigie mimi kama hakuna mwingine. Hata kama ni saa mbaya huku, nitaelewa kwa nini umepiga.

Na ukikosea, maana utakosea, usifute. Rudi kwa mwenye maneno yake umuulize yeye anatakaje. Huenda akakupa kazi ngumu kuliko kufuta.

Basi, nawasikia mnakuja na mnabishana kuhusu rangi ya sweta. Nitakupa barua hii kesho uisomee njiani.

Ukifika, tupigie. Mama yako ataishika kwanza na atakuwa na maswali mengi. Ikinifikia mimi huenda nikakosa la kusema, unanijua, kwenye simu mimi ni mtu wa "haya" na "sawa" tu. Usikate haraka. Nitakuwa nasikiliza.

Baba yako